Nataka kuuza begi zima la kamera nibaki na kadogo kamoja, nimechanganyikiwa au?

Mwana wa Uyole

Wakuu poleni na baridi. Huku Uyole leo asubuhi nimepumua nikaona moshi kama mtu anavuta sigara. Nina jambo linanikaa kichwani toka mwezi wa pili, naomba tulijadili bila matusi.

Mi ni mpiga picha hapa Mbeya, sherehe ndo zinanilisha, send-off, kipaimara, mahafali, na siku hizi hata misiba tunaitwa. Miaka sita nimejibana nikajenga begi langu taratibu, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya Canon 5D Mark III, lenzi 24-70 ya karibu, lenzi 70-200 ile nyeupe ndefu ya kuvuta mbali, flashi mbili, stendi, betri za akiba, machaja, yaani kila kitu. Juzi nikapita kwa jirani yangu muuza maharage nikaliweka begi kwenye mzani wake, kilo saba na robo. Jamaa hata hajatabasamu, ananiuliza hizi ni soya au kablanketi. Nikacheka ila njiani nikawa nawaza hivi mi nabebea nani huu mzigo?

Maana angalia. Nikienda kijijini Kiwira kumwona mama begi linabaki nyumbani, nawaza daladala, nawaza mvua, nawaza wezi. Miaka sita ya kupiga mama za watu na mama yangu mwenyewe sina picha yake hata moja ya maana, zipo za simu tu tena nyingine amefumba macho.

Mwezi wa kwanza tukaenda Kitulo kikundi cha vijana wa kanisani, si mnajua msimu wa maua ule. Nikabeba begi kamili maana nimeitwa mpiga picha, sio? Kule juu ni mita 2,600 na ushee, unapanda kamlima kadogo tu unahema kama umefukuzwa. Kila nikiona ua nasimama natoa lenzi hii naweka ile, nikimaliza kuweka wenzangu wameshafika mbali na ukungu umeshashuka. Kuna binti mmoja alikuwa na kamera ndogo kaazima kwa mjomba wake, kaining'iniza kwenye kiganja kwa kamba kama funguo, anatembea anaongea anapiga. Tulivyorudi picha zilizogombaniwa kwenye grupu ni zake. Zangu walisema "kali sana kaka" halafu kimya.

Na Mwanjelwa sokoni usiseme. Nikitoa ile nyeupe tu mama wa ndizi anajifunika khanga, mwingine anauliza ni ya televisheni gani, wa tatu anasema lipa kwanza. Hapo picha yenyewe imeshakufa.

Sasa nawaza niuze vyote ninunue kamera moja ndogo, lenzi moja isiyotoka, nitembee nayo kila siku. Wenye uzoefu hii ni akili au ni uvivu wa kuzeeka? Nina miaka 34.

---

Kamati Kuu Kihesa

Mkuu usithubutu. Nimeandika hivyo kabla hata sijamaliza kusoma.

Mi niko Iringa, kazi zetu ni zile zile. Mwaka juzi nikajifanya mjanja nikaenda kwenye ndoa na bodi ndogo nimeacha begi kwenye gari, nataka niwe mwepesi. Mweka hazina wa kamati akanifuata mlangoni pa kanisa akaniuliza "mpiga picha, kamera iko wapi?" Nikamwonyesha. Akaiangalia, akaniangalia, akaenda kumwita mwenyekiti. Ndugu yangu, nilirudi garini mbio kutoa lile dude na nikaliweka shingoni hata kama silitumii. Huo ndo ukweli wa soko, mteja anapima picha kwa urefu wa lenzi, utake usitake.

Halafu tuache sifa tuongee kazi. Padri hataki umsogelee altareni, unapigia nyuma kule benchi la tano, bila 70-200 utaleta picha za migongo. Na kitu ambacho watu wa kamera ndogo hawakisemi, hiyo 5D yako ina sehemu mbili za memori kadi, picha moja inaandikwa kote kote. Mi kadi ilinifia katikati ya sherehe, ilikuwa saa mbili usiku keki imeshakatwa. Ningekuwa na kamera ya kadi moja leo nisingekuwa naishi Iringa, ningekuwa nimehamia Zambia.

Uza kama umeacha kazi. Kama hujaacha, usithubutu.

---

Tukuyu Mvua Tu

Simu inatosha wakuu mnajitesa.

---

Kamati Kuu Kihesa

@Tukuyu Mvua Tu nenda kapige harusi na simu halafu baba mkwe akupigie katikati ya kuvishana pete.

---

Mwalimu wa Makambako

Kaka pole, hilo la mama limenigusa.

Mi sina sherehe, ni mwalimu, picha ni ugonjwa wangu wa wikiendi tu, kwahiyo nachosema ukipime kwa mzani huo huo wa maharage. Nina Ricoh GR III, nilinunua mtumba. Gramu 257 na betri na kadi zikiwa ndani, inakaa mfuko wa koti na huku kwetu koti halivuliwi. Sensa yake (sio ile ya watu na makazi) ni APS-C, saizi ile ile iliyopo kwenye DSLR nyingi (zile kamera kubwa zenye kioo ndani) wanazotembea nazo vijana wa mahafali, megapikseli 24. Watu wanachanganya hapo, wanaona bodi ndogo wanadhani picha nayo ni ndogo. Kilichopunguzwa ni vitu vingine, hakuna kioo ndani, hakuna zumu, hakuna hata kale kadirisha ka kuchungulia, unaangalia skrini tu na jua la saa saba utaisoma namba.

Lenzi yake inaona kama 28mm kwenye hiyo 5D yako, yaani inaona pana. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha unamsogelea kwa miguu, na ukimsogelea lazima umsalimie, na ukishamsalimia mnaongea. Sokoni Makambako nimepiga watu ambao na kamera yangu ya zamani wasingekubali, na siyo kwa kuwaibia, wananiona kabisa, ila wanaona dada mwenye kikamera, hawaoni "mpiga picha amekuja". Wanafunzi wangu ndo usiseme. Na ile kubwa walikuwa wanapanga mstari mikono chini macho mbele kama picha za kitambulisho, hii hawasimamishi hata mchezo wa rede.

Kuna kitu inafanya nakipenda kuliko vyote. Unaiwekea umbali kabisa, mi yangu iko mita mbili, tundu la lenzi namba 8, basi kuanzia kama mita moja mbele yako hadi mbali huko kila kitu kinatoka kimekaa vizuri. Haitafuti fokasi. Ukibonyeza imepiga. We hiyo 5D yako ina pointi 61 za fokasi, niambie ukweli unatumia ngapi?

Sasa na ubaya wake nisije nikalaumiwa. Betri kiwanda wenyewe wanaandika kama picha 200 kwa chaji moja, na baridi ya huku kwetu inakula betri kama funza, mi natembea na tatu, mbili zinakaa mfuko wa ndani karibu na mwili. Flashi haina, ukumbini usiku utalia. Maji haipendi kabisa. Halafu hizi kamera za lenzi isiyotoka zikinywa vumbi ni msiba, shoga yangu ana moja (kampuni sitaji) alipita nayo barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, lenzi inachomoza inarudi ndani inachomoza inarudi ndani, sasa kila mbingu ina doa jeusi pale kushoto. Yako likiingia vumbi unatoa lenzi unapuliza kwa kile kipira. Hii lazima fundi afungue kamera nzima, na fundi wa kumwamini kwa huku kwetu unamjua wewe?

Ushauri wangu usiuze kitu kwanza. Canon wana lenzi moja 40mm f/2.8, nyembamba kama chapati, gramu 130. Inaingia kwenye 5D yako. Kuna na ya 24mm nyembamba vile vile ila hiyo ni ya bodi zenye sensa ndogo, haiingii kwenye yako, usije ukauziwa. Azima hiyo 40, funga kwenye bodi, begi liweke juu ya kabati, mwezi mzima. Ukiona umepona ndo uanze kuuza.

---

Mwana wa Uyole

Dada asante sana umeandika kama barua. Pointi 61 natumia moja, ya katikati.

---

Mzee wa Mkanda

Vijana nawasoma hapa nacheka peke yangu.

Mimi nilifungua studio Tukuyu mwaka 1983. Ndani ya studio nilikuwa na Yashica Mat, ile unainama unachungulia kwa juu, mkanda wa 120, picha kumi na mbili za mraba basi umekwisha. Hiyo ilikuwa haitoki studio, ilikuwa kama mke. Nikiitwa harusi za vijijini nilikuwa napanda na Olympus Trip 35, shingoni, ndani ya koti la mvua. Kamera ile haina betri. Ina vioo vidogo vidogo vimezunguka lenzi vinakula mwanga vyenyewe, na mwanga ukiwa hautoshi kinainuka kibendera chekundu kwenye kidirisha na kitufe kinagoma kushuka. Inakukatalia kabisa usimalize mkanda wa watu bure. Fokasi ilikuwa michoro minne tu, kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, kundi, na mlima. Spidi zake mbili, 1/40 na 1/200, na hata hizo inachagua yenyewe. Basi. Mtoto wangu wa darasa la tatu alikuwa anaitumia.

Nimepiga nayo Rungwe nzima mpaka Matema. Picha 36 kwenye mkanda, za harusi nilikuwa napiga thelathini, sita naacha za njiani, na kusafisha mpaka nikusanye mikanda ya kutosha nitume mjini. Zile sita za njiani ndizo watu wanakuja kuniomba leo, kwa sababu mle ndimo walimo wazee wao wakiwa wanafanya kazi zao, siyo wakiwa wamesimama na maua ya plastiki.

Na msiniambie wepesi ni fasheni ya siku hizi. Kuna Mjerumani mmoja Oskar Barnack, alikuwa fundi kwenye kampuni ya Leitz pale Wetzlar, alikuwa na pumu. Wakati huo kamera ni sanduku na vioo vya kupigia picha ni vizito, yeye anapenda kutembea milimani na kifua hakimruhusu. Akatengeneza kikamera kinachotumia mkanda wa sinema wa upana wa 35mm, hiyo ni miaka ya 1913 na 1914, vita ikaingilia kati, kikaanza kuuzwa 1925 kwa jina la Leica. Kwahiyo hiyo 35mm mnayoitaja taja kila siku, huyo mgonjwa wa pumu ndiye aliyeikaza kwenye kamera. Na yule mpiga picha Mfaransa Cartier-Bresson anayesifiwa alitembea na hiyo hiyo Leica na lenzi ya 50, na sehemu zinazong'aa alizibandika plasta nyeusi ili watu wasiishtukie.

Lakini nisiwadanganye, kamera rahisi nayo ina siku yake. Harusi moja karibu na Masoko, mvua imefunga, kanisa giza, flashi nimeisahau Tukuyu. Wanavishana pete, nikabonyeza, bendera nyekundu. Nikabonyeza tena, bendera. Nikawaomba watoke mlangoni wavishane upya. Mchungaji alinitazama mpaka leo nakumbuka.

---

Kamati Kuu Kihesa

Mzee wangu shikamoo. Ukifanya hivyo leo MC anakutangaza kwenye kipaza sauti na salio hulipwi.

---

Mzee wa Mkanda

Marahaba. Wakati ule salio lilikuwa kuku na ndizi, nilikuwa nimeshakula.

---

Tukuyu Mvua Tu

Mzee wa Mkanda shikamoo, hiyo Trip 35 bado unayo? Lenzi haijaota fangasi? Maana huku kwetu ukiacha lenzi kabatini mwezi mmoja unakuta utando kama wa buibui ndani ya kioo.

---

Mzee wa Mkanda

Marahaba. Ninayo na inapiga. Siri ni kuitumia, kamera inayotoka nje na kupata mwanga haioti. Ile Yashica niliyoihifadhi kwa heshima zote ndani ya kabati ndiyo iliyooza. Begi la ngozi lililofungwa ndo baya kuliko yote, linatunza unyevu. Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, tia na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

---

Mwalimu wa Makambako

Na mkitoka kwenye baridi msiingie na kamera jikoni kwenye moto, inatoa jasho mpaka ndani. Iacheni ndani ya begi kwanza ipoe, au niseme ipate joto pole pole.

---

Mwana wa Uyole

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita.

Nilifanya kama alivyosema mwalimu. 40mm nimeazima kwa dogo mmoja pale Mafiati anapiga picha za pasipoti. Kwa karatasi bodi ni gramu 950 na lenzi 130. Nikarudi kwa jirani na mzani, kilo moja na kidogo, akasema sasa hiki ni kipimo cha mtu na mke wake.

Siku ya kwanza nilikuwa kama nimetoka nyumbani bila suruali. Nilifika Mwanjelwa mkono unapapasa begi ambalo halipo. Kuna kuli kabeba viazi, gunia limemfunika kichwa chote, yuko mbali, nikataka kumvuta na zumu, hamna. Amepita. Nikasema sawa. Mwingine akaja nikamfuata, nikamsalimia, akasimama kabisa akaweka gunia chini nikapata picha ya jasho na mvuke unatoka mgongoni kwenye ile baridi ya asubuhi. Ile ya kwanza niliyoikosa bado inaniuma lakini.

Ila siyo kweli kwamba watu hawashtuki, bodi ya 5D bado ni kubwa. Mama wa ndizi alijifunika kama kawaida, akachungulia, akasema "leo umekuja na fupi", akajifunua. Nimempiga nne. Ananidai aletewe zimesafishwa na nimeshampelekea.

Jumamosi iliyofuata Kiwira. Nilipanda daladala kamera iko ndani ya koti, siti ya nyuma mama kanikalia na kuku. Nimemkuta mama barazani anapukuchua mahindi na jirani yake wanapiga soga, nikakaa kwenye kigoda na mimi nikapukuchua. Kama nusu saa hivi. Nikatoa kamera nikapiga, hakuacha kuongea. Akaniuliza tu "na ile nyingine umeiuza?" Nikamwambia hapana. Akasema "haya, maana ile ulikuwa ukija nayo unakuwa kama mgeni." Aisee, mama hajawahi kunisema chochote kuhusu kazi yangu toka nianze.

Basi maamuzi yangu, bodi inabaki, 24-70 inabaki kwa ajili ya kamati za akina Kamati Kuu, flashi moja inabaki. 40mm nimemuomba dogo aniuzie, anajivutavuta lakini ataachia. Ile ndogo ya mfukoni ya mwalimu bado naitamani ila nimeona shida yangu nusu ilikuwa begi na nusu ilikuwa mimi, kwahiyo nasubiri kwanza. 70-200 nyeupe na flashi ya pili vinaondoka. Nikipata kanisa refu nitakodi kwa siku, bei ya kukodi naitia kwenye hesabu ya mteja.

Mwenye shida na lenzi ani-PM, iko safi, haina fangasi, boksi lipo.

---

Kamati Kuu Kihesa

Bei gani?

---

Mwana wa Uyole

Wewe si ndo ulisema nisithubutu?

---

Kamati Kuu Kihesa

Nilisema usithubutu kuuza begi zima. Lenzi moja moja sijagusia. Weka bei, na uniachie hiyo lenzi stendi ya mabasi, Jumatano nakuja huko na ndoa ya Ijumaa ni kanisa refu.